Alama Mgongoni mwa Namba Saba

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana, nilipewa ufagio. Sajenti wa karakana ya ndege za kivita, mtu mfupi wa Ndanai asiyejua kucheka kabla ya saa sita, alinionyesha sakafu ya saruji akaniambia nitafute kila kilichoanguka: waya, nati, hata uzi wa ovaroli. Injini ya jeti huvuta hewa kwa nguvu, na ikimeza nati moja tu, rubani huenda asirudi. Nilifagia, kisha nikapita tena kwa magoti. Alipokuja kukagua hakuitazama sakafu, aliitazama mikono yangu.

"Wewe umetoka wapi?"

"Kericho, Sajenti. Kwa mashamba ya chai."

"Lakini jina lako Otieno ni ya ziwa."

"Baba alikuja kufanya kazi kwa faktori. Mimi nilizaliwa hapo kwa laini, kwa zile nyumba za wafanyakazi."

"Umewahi kuchuna majani?"

"Tangu nikiwa mtoto, Sajenti."

"Basi nusu ya kazi unajua. Mtu wa kuchuna chai haangalii. Vidole inajua majani mawili na chipukizi kabla macho ifike."

Akanipeleka kwenye jeti iliyoandikwa 7 mkiani, ambayo sisi sote tuliiita Namba Saba. Akafumba macho na kupitisha kiganja ubavuni mwake polepole, kuanzia puani hadi mkiani, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa. Aliniambia macho yanadanganywa na rangi, mkono haudanganyiki. Ndivyo alivyokagua kazi zetu zote. Ukimaliza kutengeneza kitu ndani ya ndege, uliacha kifuniko wazi hadi Sajenti apitishe mkono. Akiridhika alisema neno moja: "Funga." Asiporidhika aliondoka bila kusema lolote, nawe ukaanza upya. Miaka miwili niliyokaa chini yake sikumsikia akimwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa juu ya ngazi kando ya Namba Saba, nikikaza bolti za kifuniko cha mgongoni, nyuma ya kiti cha rubani upande wa kushoto. Wenzangu walikuwa wameenda chai. Spana ikaniponyoka, ikagonga mgongo wa ndege, ikaanguka sakafuni kwa kishindo ambacho nilidhani kimesikika hadi langoni. Pale ilipogonga palibonyea, shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi. Sheria ilikuwa fupi. Chochote kikigonga ndege, sema, kiandikwe kwenye kitabu cha ndege hiyo, na fundi mkuu aangalie kama kuna ufa chini ya rangi.

Mimi nilinyamaza. Nilimfikiria baba, ambaye alikuwa amewatangazia watu wa kiwandani kwamba mwanawe anatengeneza jeti, nikaona nikifukuzwa nitarudi vipi kule kwenye laini. Niliokota spana, nikaipangusa, nikaiweka sandukuni. Kesho yake Namba Saba iliporuka nilisimama nyuma ya karakana mpaka niliposikia magurudumu yakigusa lami. Niliona aibu, na aibu ile sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Juma hilohilo Meja aliyesimamia mafundi aliniita ofisini. Nikajua yameniangukia. Lakini alisema, "Sajenti anasema uko na mkono wa kazi ndogo ndogo. Unahamishwa shule ya mafunzo, kwa karakana ya mifano." Nilitoka mle nikitembea kifua mbele. Nilidhani shimo limenipita na sifa imenifuata.

Karakana ya mifano ilikuwa chumba kirefu chenye meza tatu na harufu ya gundi. Tulitengeneza ndege za kufundishia kwa kipimo cha moja kwa ishirini, yaani mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita tano mezani. Mkuu wetu alikuwa Kapteni mmoja, mama mpole wa sauti na mkali wa rula. Mfano wangu wa kwanza niliusugua hadi ukang'aa. Kapteni akainama, akautazama kwa usawa wa meza.

"Otieno, hii ndege iko hewani ama iko chini?"

"Iko chini, Afande."

"Mbona magurudumu yake haijui?"

Nilikuwa nimeyachonga mviringo kamili. Ndege inapoketi, uzito wake hubonyeza mpira pale unapogusa ardhi, na miguu yake, ambayo ina springi ya mafuta na hewa, hudidimia. Ikikaa muda mrefu presha ya mafuta huisha, na vile vibao vya nyuma ya mabawa hulegea na kuning'inia. Mfano usioonyesha hayo huonekana kama kitu kilichotundikwa.

Kapteni ndiye aliyenifundisha pia habari ya rangi. Ukichukua rangi ya ndege yenyewe ukaipaka kwenye mfano, inakuwa nzito kupita kiasi. Ndege kubwa tunaitazama kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipausha, kwa hiyo tuliongeza tone la nyeupe. Kuhusu ribiti, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyoshika ngozi ya ndege, wanaoanza huvifanya vikubwa hadi ndege inaonekana ina tetekuwanga. Na mchoro tuliambiwa tusiuamini peke yake, tutoke na rula tukaipime ndege yenyewe.

"Usinitengenezee jeti," alizoea kusema. "Nitengenezee Namba Tatu." Alimaanisha kwamba ndege mbili za aina moja hazifanani. Hii imeazima mlango wa ile, ile ina kiraka, nyingine imechujuka rangi mahali ambapo rubani hukanyaga akipanda. Nilimpenda sana mama yule. Baada yake nilihudumu chini ya makapteni wengine wawili, nikapandishwa cheo hadi sajenti, na katika hotuba yangu ya kustaafu nilisema kwamba mikono yangu ndiyo iliyoniita kwenye kazi hii. Watu walipiga makofi.

Nilirudi Roret, kulekule Kericho, kwenye ekari mbili za chai na meza moja ambayo mke wangu, Mama Akinyi, anasisitiza ni ya kulia chakula. "Wenzako wakistaafu wananunua ng'ombe," huniambia. "Wewe unanunua gundi." Vijana wanaopenda mifano hunijia na simu zao, wananionyesha picha, wananiuliza nini siri ya usahihi. Huwaambia haya niliyoyaandika hapa. Tangu mwaka jana nimeongeza jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja huko Sotik, nilimwona Sajenti akiongozwa na mkewe kwa kiwiko. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemaliza macho yake. Nilimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu, akapapasa vidole kimoja kimoja.

"Otieno," akasema, kabla sijafungua kinywa.

"Ni mimi, Sajenti."

"Ulisikia walikata Namba Saba ikawa vyuma kuukuu?"

"Nilisikia."

"Nikishika kikombe naona kikombe. Nikishika ndama naona ndama. Lakini ile ndege inaanza kunipotea. Si wewe ndiyo fundi wa mifano? Nitengenezee, nishike."

Sijawahi kuagizwa kazi iliyonipa hofu kama ile. Sajenti hakuwa amewahi kugusa mfano wangu hata mmoja, na nilitaka, hata katika uzee huu, anipe lile neno lake moja. Nilichonga mwili kwa mbao laini ya saipresi. Ngozi niliikata kutoka kwa makopo ya soda, maana bati lake ni jembamba na mkono husikia kila mstari. Mistari ya paneli niliichora kwa biro iliyoisha wino, na ribiti nilizipiga kwa sindano kutoka upande wa ndani, moja moja, miezi minne. Niliweka mlango usiokaa sawa ambao Namba Saba iliuazima kwa ndege nyingine, na kiraka cha chini ya bawa la kulia ambacho Sajenti alikipiga mwenyewe.

Nilipofika mgongoni, nyuma ya kiti cha rubani upande wa kushoto, nilisimama. Shimo la shilingi kwa moja kwa ishirini ni kama punje ya wimbi, ile nafaka ndogo ya uji. Nilishika biro siku nzima. Mwishowe nikajiambia kwamba zawadi haipelekwi na kasoro, na kwamba hakuna aliyejua. Nikapaka rangi juu ya bati laini.

Nilikwenda Ndanai kwa bodaboda nimekumbatia katoni, nikimsihi dereva apunguze kila tuta. Mke wa Sajenti alinikaribisha kwa chai ya maziwa, akafuta meza, nikauweka mfano mbele ya mzee. Akanyoosha mikono. Alianza puani, kama zamani. Akagusa magurudumu, akaitikia kwa kichwa. "Imekaa chini." Akafika kwenye mlango, akacheka kwa pua. Akageuza kidole chini ya bawa la kulia, akakuta kiraka, akazifuata kingo zake kwa ukucha. Nilianza kupumua.

Kisha mkono ukapanda mgongoni, ukaenda kushoto, nyuma ya kiti, ukasimama. Ukarudi. Ukapita tena.

"Iko wapi?"

"Nini, Sajenti?"

"Usinifanye mjinga na uzee yangu. Ile yako."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika miaka arobaini, na ilikuwa imeishia kwenye meza ya mtu kipofu. Yeye akaendelea kwa upole ambao sikuuzoea.

"Nilipitisha mkono jioni ile ile wewe ulifunga kifuniko, vile napitisha kila siku. Nikatoa rangi kidogo, nikaangalia ufa, hakuna. Nikapaka tena, nikaandika kwa kitabu, nikasaini. Ndiyo ikaruka."

"Mbona hukunifokea?"

"Makosa ya mkono nafokea. Hiyo ilikuwa ya mdomo. Nilingoja ukuje. Siku tatu, kila asubuhi nakuuliza habari, unaniambia mzuri Sajenti. Nikaambia Meja, huyu kijana mkono yake ni dhahabu, lakini akikosea ananyamaza. Kwa ndege atatuulia mtu. Mpeleke kwa mifano. Huko akikosea, ni mbao."

Chai ilinipoa mkononi. Uhamisho niliojisifia hadi siku ya kustaafu ulikuwa adhabu, na kila mtu aliyehusika alijua isipokuwa mimi. Niliumia, sitaficha. Lakini nilipomtazama mzee yule, vidole vyake bado viko mgongoni mwa Namba Saba, niliona kwamba alikuwa na haki ya kuniondoa kwenye ndege, na kwamba angeweza kunirudisha nyumbani kwa baba. Badala yake alinitafutia kazi niliyokuja kuipenda kuliko ile aliyoninyang'anya.

"Sajenti," nikasema, "spana iliniponyoka. Niligonga ndege, nikanyamaza. Nilikosea."

"Nimesikia," akasema. "Uko na biro?"

Nilikuwa nayo mfukoni, ile iliyoisha wino. Nikaweka ncha yake kwenye rangi, nyuma ya kiti. Akaushika mkono wangu.

"Hapana hapo. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena."

Nikabonyeza. Bati likaitika, na rangi yangu ya miezi minne ikapata punje ya wimbi. Sajenti alinisukuma mkono kando, akapitisha kidole chake, kikakuta kile kishimo, kikatulia hapo.

"Funga," akasema.