Ekzosi ya Mchanga wa Karanga

Keni ya kulia ndiyo iliyokuwa inatuaibisha. Ya kushoto ilifika Tunduma na maziwa mazuri, lakini ya kulia ilifika imeanza kuchacha, na siku za jua kali maziwa yake yalifika yamekatika kabisa, maji huku, mabonge kule. Ng'ombe ni wale wale, mkamuaji ni yule yule, na keni zote zimeoshwa na mwanangu, ambaye nilimfundisha kuosha mimi mwenyewe. Majirani wakasema tumerogwa. Nikawajibu kwamba mchawi wa kuroga keni moja akaiacha ya pili ni mvivu, na mimi wachawi wavivu siwaogopi.

Mchawi alikuwa ekzosi. Pikipiki ya mkwe wangu ilikuwa kama pikipiki zote zilizoingia miaka ile bodaboda zilipoanza kujaa mjini: bomba la moshi linatoka mbele ya injini, linapita ubavu wa kulia mpaka nyuma. Keni ya kulia ilining'inia juu yake kabisa. Kutoka kwa wafugaji wa bondeni Momba mpaka Tunduma ni mwendo, tena wa kupanda, na njia nzima yale maziwa yanapashwa moto kama uji wa mgonjwa. Mwanangu na mumewe walifunga gunia lililoloweshwa, likakauka kabla ya kufika mlimani. Wakaweka ubao, ukaungua. Keni ya kushoto peke yake haibebeki, pikipiki inalala upande kama mlevi.

Mnunuzi wetu alikuwa mwanamke mwenye mgahawa karibu na foleni ya malori, pale madereva wanaposubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Alijua kazi yake. Alionja kila keni kivyake. Ya kushoto akaimimina kwenye sufuria ya chai, ya kulia akaisukuma kando kwa mguu. Mimi nilikuwa nakaanga karanga nje ya mgahawa huo huo, kwa hiyo aibu yangu niliitazama kila asubuhi nikiwa nimekaa.

Jumatatu moja akaja mpaka kwenye jiko langu.

"Mama, nakuheshimu. Lakini ni mpaka Ijumaa. Keni ya kulia ikija hivi tena, natafuta mtu mwingine wa maziwa."

"Na ya kushoto imekosa nini?"

"Siwezi kufanya biashara na nusu ya pikipiki, mama."

Nikamwambia nimesikia. Alikuwa na haki.

Jioni mwanangu akaja nyumbani, hakukaa. Alisimama mlangoni akasema mumewe ameshanunua sururu na karai. Maziwa yakikataliwa atauza pikipiki, aende Galula kuchimba dhahabu.

"Anasema ni msimu mmoja tu, mama."

Baba yake naye alisema msimu mmoja. Alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia huyu binti akiwa mgongoni kwangu, na msimu wake haujaisha mpaka leo. Sikulia wakati ule, na sikukusudia kuanza uzeeni kwa sababu ya keni.

"Mwambie mumeo," nikasema, "keshokutwa apeleke pikipiki kwa fundi wa kuchomelea, yule wa yadi ya malori. Mimi nitakuwa pale."

Ilibidi nimtume mwanangu kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemeshani uso kwa uso. Hawali kwenye chombo kimoja, na kupakizana pikipiki ndiyo kabisa. Si ugomvi, ni heshima. Basi Jumatano pale kwa fundi mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkwe akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki, na fundi akawa katikati yetu na miwani yake ya kuchomelea.

"Fundi," nikasema, "muulize mwenye pikipiki kama ekzosi haiwezi kupita chini ya injini."

Fundi akageuka. "Unaulizwa kama ekzosi..."

"Nimesikia. Mwambie mama njia ina mawe. Ikining'inia itang'oka."

"Anasema njia ina mawe, bibi."

"Mwambie isining'inie. Ishike tumbo la injini kama mtoto wa popo."

"Anasema kama popo."

"Mwambie na stendi je? Na bolti ya kumwagia oili? Ekzosi ikiziba pale, oili nitaibadilishaje?"

Fundi akavua miwani, akafuta jasho. "Jamani, mimi leo nimekuwa simu?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakacheka. Mmoja akaniita. "Bibi, unaifanya ya mashindano?"

"Naifanya ya maziwa. Wewe endelea kuwaunguza abiria wako miguu."

Fundi yeye hakucheka. Alilala chini chali, akaitazama injini kutoka chini, muda mrefu, na alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo. Alisema inawezekana. Yeye ekzosi za malori amechomelea tangu ujana wake. Lakini ili ikae juu ya mawe na ikwepe bolti na stendi, bomba lazima likunjwe kona kali, si kona ya kuzunguka taratibu. Na bomba likikunjwa kali lina tabia ya kubonyea.

Lilibonyea. La kwanza alilipasha moto akalikunja hivi hivi, likabanana pale kwenye kona kama mrija wa jani la papai. Alilifunga pikipikini ajaribu; injini ikakohoa, ikakabwa, ikazima.

"Linataka mchanga ndani," akasema fundi. "Likijaa mchanga halina pa kubonyea."

Mkwe akaenda mtoni akaleta mchanga. Aliuanika juu ya turubai mpaka Alhamisi asubuhi, na juu ulionekana mkavu. Wakaujaza ndani ya bomba, wakaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, wakaliweka kwenye mkaa, wakavukuta. Mimi nilikuwa narudi kutoka kumwuzia dereva karanga nikasikia mlio kama tairi la lori limepasuka. Kizibo kiliruka kikatoboa bati la banda. Vijana wa kijiweni walilala chini wote, hata yule msemaji, tena yeye alilala wa kwanza. Unyevu wa ndani ya mchanga uligeuka mvuke ukatafuta mlango.

Hakuna aliyeumia. Lakini bomba lilipasuka, na fundi akasema maneno ambayo sikutaka kuyasikia.

"Limebaki kipande kimoja cha unene huu. Kikiharibika, tunarudisha ekzosi ya zamani pale pale ilipokuwa."

Mkwe akasimama. Usoni simtazami, kwa hiyo niliona viatu vyake tu, na viatu vilikuwa vimeshageukia Galula.

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa na vumbi jeusi, kama ilivyo kila siku, maana karanga zangu sizikaangi kwa mafuta, nazikaanga ndani ya mchanga wa moto ili ziive zote sawasawa bila kuungua. Ule mchanga niliuchota mtoni zamani na tangu siku hiyo haukuonja maji. Kila siku ulikuwa motoni. Kama kuna mchanga mkavu Tunduma nzima, ulikuwa kwenye karai langu.

Nilikwenda nikaubeba wote, karai kichwani, ukiwa bado na joto.

Fundi akachota, akanusa. "Bibi, huu unanuka karanga."

"Umeambiwa uukaange, hukuambiwa uule."

Akaujaza. Aligonga bomba kwa nyundo pole pole ili mchanga ushuke, akaongeza, akagonga, kama tunavyoshindilia debe la ulezi kwa mnunuzi tunayemtaka arudi. Akaziba. Mkaa ukapulizwa, bomba likawa jekundu kama pilipili, na safari hii vijana walisimama mbali. Fundi akashika ncha hii kwa koleo, mkwe ile, wakaanza kukunja.

"Polepole!" nikapiga kelele.

Yule kijana msemaji akasema, "Bibi, umemsemesha mkweo!"

"Nimelisemesha bomba."

Likakunjika. Kona kali kama kiwiko cha mkono, na ndani yake mviringo mtupu, halina hata kikunjo. Fundi alilizungusha akilitazama, akamimina mchanga wangu chini, akapiga ukelele kama mtu aliyefunga goli. Kisha alichomelea bila kupumzika. Bomba likashuka mbele ya injini, likakwepa bolti ya oili, likapita ndani ya stendi, na sailensa ya zamani aliyoikata ikawa fupi ikalala chini ya tumbo, mdomo ukitazama ardhini nyuma. Akaingiza spana kwenye bolti ya oili. Ikazunguka bila kugusa kitu.

Mkwe akapiga kiki. Injini ikakubali mara moja, kwa sauti nzito kuliko ya kwanza, na yadi nzima ikajaa harufu ya karanga.

"Nani anakaanga?" akauliza dereva mmoja kutoka juu ya lori lake.

"Injini!" wakamjibu.

Ijumaa nilikaa kwenye jiko langu bila mchanga na bila karanga. Niliisikia pikipiki kabla sijaiona. Mkwe akasimama mlangoni pa mgahawa, akafungua kamba, akaziweka keni mbili sakafuni pamoja. Mwenye mgahawa akatoka na kijiko. Akaonja moja. Akaonja nyingine. Akairudia ya kwanza, akakunja uso, akaniangalia.

"Mama, ya kulia ni ipi?"

"Wewe ndiye mnunuzi. Tafuta."

Akapiga kofi pajani, akacheka. Halafu akanyanyua keni ya kwanza akaimimina kwenye sufuria, akanyanyua ya pili akaimimina humo humo, juu ya ile. Tangu tuanze biashara, maziwa yale hayakuwahi kuchanganyika. Dereva wa Zambia akaniita mama kwa lugha yake kutoka ndani, "Bamayo, mbona leo huna karanga?" Nikamwambia leo anywe chai.

Jumapili mwanangu akaja na mzigo kichwani. Lilikuwa lile karai la Galula, jipya, limejaa mchanga wa mtoni.

"Amesema ule wako tumekumalizia. Huu ameuanika mwenyewe. Na karai ni lako."

"Na sururu?"

"Anachimbia choo. Anasema kile cha zamani kimejaa, na sisi bado tupo."

Nikaweka karai motoni. Mchanga ukaanza kulia ssss, ukatoa mvuke. Ulikuwa bado mbichi. Nikacheka peke yangu, nikaongeza kuni.