Nilivyopeleka posa kwenye mji uliozingirwa na vita

Wakuu, nawasalimu kutoka Columbia Heights, Minnesota, ambako asubuhi hii nimeanza kwa kulitafuta gari langu chini ya theluji.

Nina kisa. Sijaongeza chumvi, maana bwana harusi mwenyewe yumo humu jukwaani, nikidanganya atanianika.

Mimi ni Mtanzania. Rafiki yangu Dennis ni Mkenya, nesi, tunapiga shift pamoja kwenye nyumba ya wazee. Dennis akampenda Neema, binti wa Kikongo anayeishi na mama yake kule Frogtown. Akaniomba niwe mshenga wake, eti kwa sababu nina "Kiswahili ya radio".

Kwa wadogo zangu ambao hawajawahi kuona posa: mshenga ndiye mdomo wa bwana harusi. Mwoaji anakaa kimya kama mgonjwa wa meno. Mshenga ndiye anayebembeleza, na ndiye anayesemwa.

Baba yake Neema ni marehemu, kwa hiyo mwenye neno ni baba yake mdogo. Sote tunamwita Tonton Faustin, yaani anko kwa Kifaransa chao. Bila ndiyo yake, Mama Neema alishasema hakuna harusi, hata kama gauni limeshashonwa.

Na Tonton yuko Goma.

Wiki ile ile tuliyopanga posa, vita vikaufunga mji. Barabara zimekatwa, uwanja wa ndege umefungwa, umeme hakuna, mabomba makavu, watu wanachota maji ziwani. Tonton alikuwa anachaji simu kwa betri ya gari la jirani, kisha anapanda juu ya paa kutafuta network ya ng'ambo ya mpaka.

Dennis akasema tuahirishe. Mama Neema akakataa.

"Yeye mwenyewe amesema Jumapili. Mukiahirisha, ni nyie mutamueleza."

Haya, tukaenda. Na hapa ndipo tulipokosea, wakuu.

Tulifikiri hivi: mtu yuko katikati ya mabomu, utamwendeaje na kicheko? Tukavaa suti nyeusi. Tukapatana hakuna nyimbo, hakuna vigelegele. Kwenye gari tuliongea kwa sauti ya chini kama tunafuata jeneza.

Sebuleni simu ilikuwa imewekwa juu ya mto wa kochi, kwenye speaker. Ikashika. Nikakohoa, nikaanza:

"Mzee wetu, tumekuja mbele yako na huzuni kubwa. Tunakupa pole nyingi. Mungu akutie nguvu katika kipindi hiki kigumu..."

Sauti ikauliza, "Ni nani alikufa?"

"Hapana, Tonton, hakuna aliyekufa."

"Kumbe! Mi nilijigusa kwanza. Nikasema, pengine ni mimi na hawakuniambia."

Neema akakimbilia jikoni kucheka.

"We musemaji. Umekuja kuposa ao kuzika?"

"Kuposa, mzee."

"Basi tokeni inje. Muingie tena muzuri. Na nisikie vigelegele!"

Wakuu, tulitoka. Tulikuwa tumeshavua viatu mlangoni, kama ilivyo adabu, na Mama Neema hakutupa nafasi ya kuvivaa. Nimesimama kwenye theluji ya Minnesota na soksi, Dennis ananinong'oneza, "Boss, bisha haraka, vidole vinaniacha," na Mama Neema kule ndani anauliza kwa madaha, "Nani anabisha?"

Tuliimba. Kwa baridi ile ungeimba hata kama huna sauti.

Tuliporudi ndani, Tonton alikuwa mtu mwingine. Akadai vitenge vya mama. Akadai koti lake mwenyewe na mbuzi mmoja. Akauliza kama kijana anajua kusonga bugali. Nikasema anajifunza. Akasema, "Nasikia Wakenya banasema banajua, kumbe banachemusha tu maji." Dennis alifungua mdomo, nikamkanyaga soksi.

Ndipo tukausikia mlipuko kwenye speaker. Mzito.

"Tonton, shuka kwenye paa!" nikasema.

"Ile iko mbali. Usinitoroke na mbuzi yangu."

Nikaona nimalize upesi, ashuke. Nikamwambia mbuzi si tatizo, kesho tunatuma thamani yake kwa simu.

"Hapana. Sikiliza. Koti na vitenge mupatie mama wa mutoto hapo hapo. Lakini mbuzi mumoja namutaka hapa Goma, kwa mulango yangu, aletwe na huyu kijana kwa mukono wake."

"Tonton, mji umefungwa. Hata kuku haingii."

"Unanieleza mimi? Mi ndiye niko ndani! Siku utafunguliwa, alete. Mutoto nimewapa, muoane. Ila mbuzi yangu nitamungoja. Hapa kila mutu anangoja risasi, mushenga. Mi nataka kungoja mbuzi."

Simu ikakatika.

Tulipiga tena. Na tena. Kesho yake habari zikasema wapiganaji wameingia mjini.

Siku zikapita. Ndiyo ya Tonton tulikuwa tumepewa, lakini hakuna aliyeweza kuifurahia. Neema akalikunja gauni akaliweka juu ya kabati, akasema hatalijaribu mpaka amsikie baba yake mdogo. Dennis kazini akawa anampima mzee mmoja presha mara mbili. Mama Neema alipika chakula cha watu ambao hawakuwepo.

Alasiri moja tulikuwa wote wanne kwenye duka la vyakula University Avenue, Mama Neema anachagua sombe, yaani kisamvu, kwenye friza. Simu yake ikalia. Voice note.

Tukainamia simu wote. Kikohozi kidogo, halafu:

"Allô. Nilisahau kitu. Ule mbuzi asikuwe mweusi. Mweusi ana kichwa nguvu."

Basi. Hakuna salamu wala habari za vita, ni ukaidi wa mbuzi tu.

Mama Neema alipiga kigelegele pale pale kwenye friza. Mama mmoja wa Kihmong, wale wenzetu wa Asia, aliyekuwa anachagua samaki akaanza kupiga makofi bila kujua anashangilia nini. Neema alikaa chini sakafuni akalia, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona Dennis akikosa la kufanya na mikono yake.

Harusi ilifanyika. Mbuzi bado. Kila akipata network Tonton anauliza, "Mbuzi yangu anakula vizuri?" na Dennis anajibu kwa heshima zote kwamba ananenepa.

Nilichojifunza, wapendwa: ukimpigia mtu aliye ndani ya mji uliofungwa, pole yako itoe, lakini iwe fupi. Kisha mpe kitu cha kubishania. Muulize chumvi ya kwenye sombe, mwombe ushauri wa shemeji msumbufu. Huruma tupu inamzika mtu angali hai.

Karibuni mchangie. Mwenye ndugu kwenye miji kama hiyo, huwa mnaongea nini? Na wafugaji wa humu, tusaidieni: Dennis anauliza, kati ya kahawia na wa madoadoa, yupi hana kichwa nguvu?