Majini ya Nanighi

Haya, chekeni mmalize, maana aibu hii Garsen nzima inaijua na heri niwaeleze mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Ilikuwa baada ya yale mafuriko ya El Nino. Mimi mtu wa Nanighi nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Zuhura hapa Garsen, na mjomba wake akanitazama kuanzia kofia hadi ndara, akasema, “Jibu Ijumaa. Kwanza tutauliza-uliza.” Tangu hapo kila mgeni nilimwona mpelelezi. Sasa kwenye gesti niliyolala akaja mama mmoja wa chuo kikuu na sanduku la barafu (nani hutembea na sanduku la barafu na si muuza samaki?), na Ijumaa asubuhi nikafanya ule ujinga wa kutega sikio ukutani. Nikamsikia akimwambia dereva wake:

“Wa Nanighi na wa Garsen sura ni moja, lakini jeni zao mbali kabisa. Si ndugu. Usiwachanganye.”

Mimi nikasikia jini. Nikajua basi, huyu ndiye aliyetumwa kuniharibia, na alipokwenda kunawa nikabeba lile sanduku, nikidhani ndimo alimoweka ushahidi wake, mbio mpaka kwa kina Zuhura, wazee wameketi, kahawa imeshamiminwa, nami bila hata salamu nikapaza sauti, “Mwambieni mpelelezi wenu sisi watu wa Nanighi hatuna majini!”

“Majini gani tena?” mjomba akauliza.

Nikafungua kifuniko kwa hasira, chupa ikaanguka ikapasuka, harufu ya spiriti ikajaa baraza (nyumba ya Kiislamu, tena Ijumaa!), na pale mkekani, miguuni pa mjomba, amelala jongoo mweusi mnene.

Yule mama akaingia anahema. “Majongoo yangu!” Kumbe alikuwa akipima ule urithi ulio mwilini mwao ajue nani katoka ukoo gani, kwa sababu wengine hufanana kwa macho tu, na huyo aliyemwagika ndiye wa Nanighi.

Wazee walicheka mpaka machozi. Nyuma ya pazia nikamsikia Zuhura naye anacheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mjomba peke yake hakucheka.

“Kijana, hatukumtuma mtu. Tulikuwa tumeshakubali tangu jana. Sasa ndiyo tutakuchunguza.”

Wakanichunguza mpaka mvua nyingine ikanyesha. Zuhura nilimpata, alhamdulillahi, lakini ukuta wa mtu siusogelei tena, na nikisikia wa Nanighi wanasemwa, kabla sijakasirika nauliza kwanza: watu au majongoo?