Amina ya Mama Fundi

Mama fundi wetu wa kushona hakati kitambaa bila kuomba. Hukitandaza mezani, hukinyoosha kwa kiganja, kisha hukuambia, "Tuombe kidogo, mkasi haujui samahani." Wateja wengine hucheka. Yeye hufumba macho vilevile, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Jana nilimpelekea kitambaa cha gauni. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini tangu amzike mumewe. Alinipima bega, akarudia bega lile lile, akashika mkasi na kukata. Katikati ya kitambaa mkono ukasita. Akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa futi.

"Dada, nimekata bila kuomba. Naona haya. Nikifumba macho namwona yeye tu pale kitandani, na neno halinijii."

"Mungu anaelewa, mama."

"Anaelewa, ndiyo. Ila mimi sijazoea kumpita kama simjui."

Akaweka mkasi chini, akatandaza viganja juu ya kitambaa, akafumba macho.

"Anza wewe, dada. Mimi nitaitikia."

Nilikuwa bado natafuta neno la kwanza aliposema, "Amina."