Nilivuka Upande wa Mshindi, Mwanangu Akabaki na Kinanda Chake

Nimekosa, ndugu zangu, na sikukosa gizani. Nilikosa mchana kweupe, uani kwangu hapa Bariadi, majirani wakipiga vigelegele. Jina langu niachieni mwenyewe. Nikitaja tu aina ya nguo ninazoshona, nusu ya mji watanijua.

Tangu nianze kuandika haya nimeinuka mara nyingi, mara kuchungulia sufuria, mara kufagia pasipo na uchafu. Moyo hautulii. Chumba cha pili binti yangu anapiga kinanda, na mimi sisikii kitu. Nitawaeleza kwa nini.

Binti yangu, nimwite Kabula, ana miaka saba. Kinanda kile kidogo cha umeme alikitaka mwenyewe, baada ya kumwona mwalimu wa kwaya akipiga kanisani. Nikamtafutia kilichokwisha kutumika. Mwalimu akakubali kumfundisha Jumamosi, ila akanionya, "Mama Kabula, mimi namwonyesha tu. Kazi yenyewe iko nyumbani. Kidogo kidogo, kila siku, na asichoshwe."

Asichoshwe! Alikuwa ananiambia mimi, ambaye uji ukichelewa kuchemka naugombeza.

Mwanzoni alipiga mpaka nikawa namkumbusha kula. Halafu nyimbo zikawa ngumu, visingizio vikaanza. Mara ana kiu, mara tumbo linauma, mara akamwangalie kuku kwanza. Nikabembeleza, nikaahidi maandazi, nikafoka. Akikaa dakika mbili anageuka kunitazama kama nimeridhika.

Ndipo damu ya kwetu ikanipanda kichwani. Mimi ni mzaliwa wa Kalemela, na marehemu baba yangu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Wanakimbilia upande unaowafurahisha, na aliyebaki na vumbi peke yake ameshindwa. Baba akishindwa leo, kesho alfajiri yuko nje anafanya mazoezi kama mwenye wazimu. Nikasema, dawa nimeipata!

Kwa jirani kuna binti anaitwa Limi, mkubwa kidogo kuliko Kabula, naye anafundishwa na mwalimu yule yule. Nikamwomba mama yake walete kinanda chao. Jumapili baada ya ibada nikavuta waya, nikaweka kimoja karibu na jiko, kingine karibu na geti. Mtaa ukajaa. Nikatangaza, "Haya, kila mtu asimame panapomfurahisha!"

Mara ya kwanza nilifanya ujanja. Niliwagawia watoto karanga, nikawanong'oneza waende kwa Kabula. Akashinda. Mngemwona! Wiki nzima hakukumbushwa zoezi. Nikajiona fundi wa malezi, nikawa nashauri wenzangu bila kuombwa.

Nikarudia. Safari hii sikugawa karanga, nilitaka ushindi wa halali. Limi akaanzisha wimbo wa kwaya ambao kila mtu anaujua. Watoto wakahama. Akina mama wakafuata, huku wakicheka. Upande wa Kabula tukabaki wawili tu, mama yangu mzazi kwenye kigoda chake, na mimi.

Kabula akaniangalia. Vidole vinaendelea, macho yako kwangu.

Na mimi nikavuka.

Jamani, nilivuka! Nilijiambia nikimwacha kabisa uchungu utamwingia kama ulivyomwingia baba, na kesho atapiga mpaka kinanda kiombe maji. Nikaenda nikasimama na wengine, nikampigia makofi mtoto wa jirani.

Hakulia. Alimaliza wimbo wake mpaka mwisho, hakuruka hata ile sehemu inayomshinda. Akazima, akachomoa waya, akauzungusha mkononi taratibu kama nilivyomfundisha. Afadhali angelia.

Jioni mama yangu aliniita. "Ng'wanone," alisema, na akiniita mwanangu kwa Kisukuma najua hakuna mzaha. "Baba yako alipokuwa anashindwa, mimi nilikuwa nasimama wapi?"

Sikuwahi kuangalia. Nilikuwa mtoto, nakimbia na watu.

"Nilikuwa pale pale. Vumbi lote langu. Watu kuvuka ndiyo ngoma yenyewe, lakini wa nyumbani havuki. Unadhani alikuwa anaamka alfajiri kwa ajili ya wale waliomkimbia?"

Loh! Miaka yote najisifu kuwa mtoto wa manju, kumbe ngoma yenyewe niliiona nusu.

Nilimwomba Kabula msamaha. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ya kumjibu mgeni. Nilidhani kinanda hatakigusa tena. Anakigusa! Kila siku, bila kukumbushwa, jambo lile lile nililokuwa nalitafuta. Ila nikiwepo nyumbani anashusha sauti mpaka mwisho. Nasikia vidole tu vikigonga. Nikitoka, mama ananiambia, nyumba nzima inaimba.

Siku moja nilirudi kimyakimya nikasimama nje ya geti. Nikamsikia. Ile sehemu iliyokuwa inamshinda sasa anaipita vizuri kabisa! Machozi yakanitoka kwa furaha na kwa aibu. Nikasukuma geti, kinanda kikanyamaza.

"Mbona hakitoi sauti?" nilimuuliza.

"Mimi naisikia," akanijibu.

Ndugu yangu mwenye mtoto anayejifunza, sikia kilio changu. Usimtafutie umati. Usimtafutie wa kushindana naye ili wewe upumzike kumkumbusha. Mtoto hapigi kwa ajili ya mtaa, anapiga kwa ajili ya yule mmoja anayemgeukia kumtazama. Na siku watu wote wakihama, wewe usinyanyue mguu.

Siku hizi kila jioni nabeba kigoda nakaa upande wake. Miguu inanisumbua, nakumbuka nguo za watu, nakumbuka maharage jikoni, lakini nakaa. Jana wimbo ulipoisha nilipiga makofi, ingawa sikuwa nimesikia chochote. Akaangalia kitufe cha sauti, akaniangalia mimi.

"Kesho utakaa tena?" akauliza.

Nitakaa, mwanangu. Hata maharage yakiungua.