Midomo ya Bunduki ya Baba

Bunduki ya baba ni ya midomo miwili, ya zamani, aliyoachiwa na babu pamoja na karatasi zake za kibali. Midomo yake imebanwa kidogo kwa ndani, ili punje za risasi zitoke zimeshikana na kufika mbali. Kwa bunduki hiyo baba alifukuza mabata ya pori kwenye mpunga wetu wa Bwegera, na sisi tukala nyama. Msimu ule akaanza kukosa. Akakosa, akakosa tena, na kila mara kosa lilikuwa la bunduki.

Mimi sina uvumilivu wa kusikiliza mzee mzima akigombana na chuma. Nikaenda Kimanga kwa fundi wa bunduki. Sikuibeba, siku hizi kupita nayo barabarani, hata yenye karatasi, ni kujitafutia maneno.

“Naweza kusugua ule mubano,” fundi akasema. “Punje zitatawanyika mapema, na mutu hata akielekeza vibaya kidogo, atapata. Lakini chuma nikishakitoa, sitakirudisha. Kwanza mupige kwenye katoni, halafu uniletee niione.”

Nilishaamua kwamba asugue. Macho ya baba yalikuwa yanakwisha: chai aliimwaga kando ya kikombe, mama akapangusa kimya. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu sisi ndio tulimfichia. Afadhali niharibu bunduki ya babu kuliko kumwambia baba haoni. Mzee akiacha kulinda shamba lake, anabaki nyuma ya nyumba akisubiri sahani, na baba si mtu wa kukaa. Niliogopa kwamba angekufa kwa kukaa.

Nikamwambia baba kwamba fundi anataka kwanza tuipime, tukafunga katoni kwenye mti katika shamba lililokwisha kuvunwa. Baba akapiga midomo yote miwili. Nikaenda kuangalia: katoni nzima, hakuna hata tundu.

“Unaona?” akasema. “Iko inapeleka risasi kando. Imeharibika.”

Hasira ikanipanda. “Baba, nipe.”

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikasimama palepale aliposimama, nikapiga, nikamletea katoni. Hakuitazama. Aliipapasa kwa vidole, akipita tundu hadi tundu, na yote yalikuwa katikati.

“Bunduki iko sawa,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Weye na mama yako, mulijua?”

“Tulijua.”

“Na mukaniacha nitukane bunduki ya baba yangu.”

Nilijisikia vibaya mno, nikainama kuokota maganda ya risasi ili asisikie pumzi yangu. Baba akacheka kidogo. “Mwambie yule fundi asiiguse,” akasema. “Iko inapiga muzuri.”

Kwetu mwenye bunduki ndiye hutangulia kwenye matuta ya mpunga, ili mdomo wake usielekee mgongo wa mtu. Tangu utoto wangu nimetembea nyuma ya baba. Siku ile alinisukuma taratibu nipite mbele. Nikaitundika bunduki begani, na kwenye bega la pili nikahisi mkono wake ukishika.

“Enda polepole,” akasema. “Minye sioni mufereji.”