Mtori wa Shibiti

Presha ya mama ilipopanda hadi akalazwa, daktari alimkataza chumvi, nami nikamtoa Moshi aje kukaa kwangu mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Nilijiapiza kwamba hatalazwa tena kwa uzembe wangu. Lakini mtori wa ndizi usio na chumvi aliuita chakula cha mtu anayesubiri kufa. Nikikaa naye, hataki kula. Nikienda dukani, narudi nakuta bakuli tupu, na presha haishuki. Nilichanganyikiwa.

Jirani yangu, mwenye duka la vitambaa, anatoka familia ya Kiarabu. Ndiye aliyenishauri shibiti, yale majani membamba kama nyuzi ambayo kwao huwekwa kwenye wali na samaki.

"Ulimi ukipata ile harufu, chumvi hauiulizii sana," alisema. "Mbegu zake tunawachemshia watoto wenye gesi tumboni."

Nilizunguka Kariakoo asubuhi nzima. Huyu ananipa giligilani, yule majani ya karoti, mwingine ananiambia nisimpotezee muda. Niligoma kurudi mikono mitupu, mpaka nikapata fungu moja kwa mzee anayeuzia mahoteli.

Nikayapika kama tunavyopika kwetu Kilimanjaro: kila kitu sufuriani tangu mwanzo, ndizi, nyama na majani, hadi vilainike. Harufu yote ikaishia dirishani. Mama alionja, akasukuma bakuli. Jirani alipoonja, alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoga yangu, umeyaua. Haya unayakatia ukishaepua."

Kesho yake niliepua kwanza, nikanyunyizia majani mabichi, nikakamulia ndimu. Safari hii sikutoka. Nilivuta kigoda mbele ya mama, nikamwambia nitakaa hapo hadi jioni ikibidi. Akala kijiko kimoja, akatulia, akala kingine. Alimaliza bakuli namtazama.

Kisha akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa na kukiweka mkononi mwangu. Ilikuwa chumvi.

"Nilikuwa naongeza ukitoka," alisema. "Nimeona unavyohangaika, mwanangu. Nimeona aibu."

Nilikasirika. Siku zote hizo nilikuwa nalala na hofu ya kumzika. Niliimwaga chumvi kwenye sinki anaona, nikafungulia maji, nikamuuliza kama anataka bakuli la pili.

Alinisogezea bakuli bila kuniangalia, akasema nisiwe bahili wa majani.